Safari ya Kuvuka Bahari pamoja na Wazee



Mmetutaka tuseme machache juu ya matumizi ya likizo. Siku 28 si nyingi, na mshahara wa karani mwaujua. Kwa hiyo tulipoazimu kuvuka bahari kwenda Unguja, twalihesabu nauli za basi toka Karatu hata Dar es Salaam, kisha za meli, tukaona heri mama yetu mzee abaki nyumbani. Twalimwambia kwamba safari itamchosha. Hakubisha, aliuliza neno moja tu: "Hao wageni wapitao hapa kila siku kwenda Ngorongoro, mbona huja na bibi zao?"

Hatukuwa na jibu. Ni kweli: hutoka ng'ambo, babu, mwana na mjukuu katika gari moja, wakapanda hata ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, wakatazama kreta yenye kina cha mita 600 hivi. Mama amezeeka karibu nayo, wala hakupata kuiona.

Basi twalipunguza siku za Unguja, tukauza mbuzi wawili. Jumamosi twalipita lango la Lodoare, vizazi vitatu pamoja. Ukungu ulipofunguka, mama alimshika mjukuu mkono, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Sasa twende baharini. Nikiulizwa kwetu kuna nini, nitajibu."

Jumatatu twaliondoka Karatu, naye amekaa dirishani.

Ndugu zetu, hesabuni nauli ya mzee kwanza, ndipo mhesabu zenu.