Aliyelala Si Mfu



Juzi nilipanda daladala Tengeru kuja mjini. Mawingu yalikuwa yamefunguka na Mlima Meru ulionekana wote hadi kileleni. Mwanafunzi mmoja wa sekondari, daftari la jiografia mapajani, alimwambia mzee aliyeketi karibu naye: "Babu, mwalimu kasema mlima huu ni dormant." Mzee akauliza ndiyo nini. Kijana akajibu bila kusita: "Maana yake umekufa."

Mzee akashusha pumzi: "Afadhali."

Nikashindwa kunyamaza, maana kazi yetu ya redio ni maneno. Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni kulala. Volkano iliyokufa wana neno lake jingine, extinct. Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Aliyekufa tunamzika tukasahau. Aliyelala tunajua ataamka wakati wowote.

Mzee alikuwa na kahawa zake Akheri, hivyo nikampa mfano wa shambani. Matumba ya maua ya kahawa hutulia kimya kiangazi kizima, utadhani hayana uhai. Mvua ikinyesha, baada ya siku kama kumi shamba lote ni jeupe. Hiyo ndiyo dormant. Benki nazo hulitumia kwa akaunti isiyoguswa muda mrefu: imelala, lakini fedha zimo.

Na Meru je? Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, enzi za Mjerumani. Kwa umri wa mlima, hiyo ni jana. Jirani yake, Ol Doinyo Lengai, ulinyamaza baada ya mwaka 1967, ukaanza tena 1983, na mwaka 2007 ukarusha majivu hata wafugaji wakahamisha mifugo.

Sisemi watu wafungashe virago. Usingizi wa volkano waweza kuchukua karne nyingi. Nasema watoto wanaokulia miteremkoni wafundishwe neno hilo kwa maana yake halisi, na pamoja nalo wafundishwe la kufanya: majivu yakianguka, funika maji, ziba pua na mdomo, kaa ndani, fungua redio.

Tuliposhuka Sanawari, mzee aliugeukia mlima, akasema: "Basi, mwanangu, tusipige kelele."

Nami naongeza: tusisinzie pamoja nao.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.