Mwanafunzi wa staji anatuachia nini?

Maneno yaliyosemwa Kashebere, mpakani mwa Masisi na Walikale, mwanzoni mwa likizo kubwa, mbele ya jamaa zilizokimbia vita, jamaa zinazowapokea na viongozi wao.

 

Katika likizo hii tutapokea wanafunzi wa vyuo vikuu kwa muda wa wiki nane. Wanakuja kufanya staji, yaani mafunzo ya kazi ambayo chuo kinawadai kabla ya kuwapa diploma. Watatembelea jamaa, watafundisha watoto waliobaki nyuma katika masomo, na watazungumza na vijana juu ya amani. Tulipowaletea habari hii mara ya kwanza, mama mmoja aliuliza: "Huyo mwanafunzi akirudi kwao atapewa alama. Sisi tutabaki na nini?" Sikumjibu vizuri siku ile. Leo nimekuja kumjibu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mwanafunzi wa staji. Walinipeleka katika kijiji kimoja cha Masisi, nikapewa daftari, nikaambiwa niandike majina ya watoto wasiosoma, umri wao na mahali walipotoka. Wazazi waliniuliza: "Mnaandika kwa ajili ya nini?" Nilijibu kwamba mkubwa wangu atakuja kuwaeleza. Hakuja. Likizo ikaisha, nikarudi mjini na daftari langu, nikaandika ripoti, nikapata alama nzuri.

Mwaka uliofuata nilipita kijijini pale. Ndipo nilipojua nilichoacha. Watu waliamini kwamba majina yaliandikwa kwa ajili ya chakula, na kwamba chakula kilikuja kikaliwa na wakubwa. Rais wa komite ya waliokimbia aliitwa mwizi. Mama aliyenitembeza nyumba kwa nyumba, majirani waliacha kumsalimu. Hakuna aliyeiba kitu. Kosa lilikuwa langu: nilichukua maneno ya watu na sikuyarudisha.

Na kuna hatari kubwa kuliko uvumi. Daftari lenye majina ya wavulana wa miaka 14 hadi 17, pamoja na nyumba wanazolala, likianguka mikononi mwa mtu anayetafuta wapiganaji, limemfanyia nusu ya kazi yake. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza au kumtumia mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kikundi chochote chenye silaha. Lakini sheria iko mbali, na daftari liko karibu. Kwa hiyo jina la mtoto ni kitu cha kulindwa.

Basi kwa nini tunawapokea wanafunzi hawa? Kwa sababu watoto wetu hawana muda wa kupoteza. Kila vita vinapopita, madarasa yanageuka makao, madawati yanageuka kuni, na mwalimu naye anakimbia kama wengine. Mwenyeji analalamika kwamba shule ya mtoto wake imeharibiwa. Aliyekimbia anasema: "Ningelala wapi na watoto kwenye mvua?" Wote wawili wanasema kweli. Lakini watoto wao, wakisikia malalamiko hayo kila jioni, wanakua wakijua nani wa kuchukia kabla ya kujua kusoma.

Wazee mnakumbuka mwezi wa Machi 1993. Soko la Ntoto, huku Walikale, lilishambuliwa, na mauaji hayakukawia kuvuka hadi Masisi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzazi, na wengi wa rika lake wamekimbia mara tatu, mara nne. Mwaka 2025 vita vilipofika hadi Walikale-centre, watu walibeba tena magodoro. Hatuwezi kuzuia kila vita. Tunaweza kukataa kwamba mtoto wa aliyekimbia na mtoto wa mwenyeji wakutane kwa mara ya kwanza wakiwa na silaha mikononi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Najua methali hii inawauma baadhi yenu, kwa sababu mmewahi kuambiwa ninyi mliokimbia, na wakati huo hata shamba la kulima hamkuwa nalo. Leo naielekeza kwa mwanafunzi. Yeye ndiye mgeni, na jembe tunalompa lina masharti manne.

Kwanza, hatafanya kazi peke yake. Atatembea na vijana wawili wenye diploma ya serikali, au waliofika karibu nayo: mmoja kutoka jamaa zilizokimbia, mmoja kutoka wenyeji. Wao watajifunza kazi, na yeye akiondoka wao watabaki.

Pili, hataandika jina bila kueleza sababu, na mzazi ana haki ya kukataa. Kabla ya kuondoka atasimama hapa, mbele ya baraza hili, asome kwa Kiswahili kile alichokiona, bila kutaja jina la mtu. Akikosea, mtamsahihisha. Ripoti itakwenda chuoni baada ya hapo.

Tatu, hataahidi chakula, hema wala pesa. Hana. Anayeahidi asichokuwa nacho anapanda ugomvi.

Nne, atafuata saa zenu. Asubuhi ni ya shamba; masomo yatakuwa mchana na yatakwisha mapema, ili wasichana wapate kuchota maji na kufika nyumbani kabla ya giza.

Wiki nane hazifanyi mwaka wa shule. Zinatosha kujua ni mtoto gani hajui kusoma, kumsaidia kuanza, na kumwandaa kuandikishwa Septemba. Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitekeleza neno hilo, ingawa sote tunajua daftari bado linatoka mfukoni mwa mzazi. Kwa waliopita umri, kuna mpango wa serikali wa kufidia masomo, unaofupisha miaka sita ya msingi kuwa mitatu. Mtoto wa miaka 13 asione haya.

Sasa nawaomba nanyi. Wakubwa wa vijiji, mahali pa masomo pasiingie silaha, wala mtu asije pale kutafuta vijana. Wazazi, wasichana nao waje, pamoja na wale wenye watoto mgongoni. Viongozi wa pande zote mbili, kaeni pamoja wiki hii mchague hao vijana sita watakaofuatana na wanafunzi watatu, na msichague watoto wa wakubwa tu. Na salongo ijayo tutengeneze mabenchi, wenyeji na waliokimbia kwa siku moja. Benchi uliyolipigilia misumari mwenyewe hutakubali lichomwe.

Mama aliyeuliza, jibu langu ni hili: mkibaki na vijana sita wanaojua kazi, na mkiwa mmesikia kwa masikio yenu kilichoandikwa juu yenu, mmepata kitu. Mkibaki na uvumi tu, niiteni mimi hapa mbele yenu. Safari hii nitakuwepo.