Kabla ya Jeneza: Maandalizi ya Mwisho wa Maisha Katika Makanisa ya Upare

Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, Upare, basi kubwa la abiria liligongana na basi dogo aina ya Coaster, yote mawili yakashika moto. Baadhi ya abiria walikuwa wakienda harusini. Siku za mwanzo vilitangazwa vifo 38, na miili mingi iliungua kiasi kwamba ndugu walisubiri vipimo vya vinasaba ndipo wakabidhiwe mtu wao. Miezi michache kabla, wilaya hiyohiyo ilikuwa imewalilia wanakwaya wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kutoka Chome waliokufa ajalini. Wakazi wa Mamba Miamba nao hawajaisahau Novemba 2009, mvua ilipoporomosha mlima kijijini Goha na kufukia nyumba pamoja na waliokuwa ndani.

Wengi wa waliokufa hivyo hawakupata hata dakika ya kumwita mchungaji au padri. Ndiyo sababu mada hii inasema waziwazi kwamba makanisa ya Upare yanajua kuzika kuliko yanavyojua kumwandaa mtu kufa, na kazi ya kuandaa haina budi kufanywa mtu akiwa bado ana nguvu zake.

Hakuna anayeweza kubeza jinsi Wapare wanavyozika. Mwili husafirishwa usiku kucha kutoka Dar es Salaam, gari likaiacha lami na kupanda kona za mlimani hadi shambani kwa baba, marehemu akalazwe jirani na migomba ya ukoo. Kwaya hufika bila kubembelezwa. Makande hupikwa kwa masufuria makubwa, majirani wa dhehebu lolote wakakaa pamoja. Mhubiri hupewa nafasi, na mara nyingi huitumia kuwauliza waombolezaji kama wako tayari. Swali ni zuri, ila huulizwa siku ambayo mioyo imejeruhiwa, na wiki inayofuata hakuna anayepita nyumbani kulisikiliza jibu.

Wamisionari walioleta Injili huku walikuta watu ambao hawakuwasahau wafu wao. Walutheri wa misheni ya Leipzig walifika Shighatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900. Waadventista Johannes Ehlers na A. C. Enns walianzisha kituo Giti, Upare Kusini, mwaka 1903. Wakatoliki waliingia kupitia Kilomeni. Wote walikuta mafuvu ya wahenga yamehifadhiwa mapangoni na katika misitu ya koo, na wazee wakipeleka sadaka huko mambo yalipoharibika. Jakob Dannholz, Mlutheri wa Mbaga, na Ernst Kotz, Mwadventista aliyechapisha mwaka 1909 sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, waliandika kila mmoja kitabu kinachowaeleza Wapare kama watu waliofungwa na hofu ya mizimu. Hofu ilikuwepo kweli. Lakini ndani yake mlikuwa na ujuzi ambao Kanisa lingeweza kuujengea juu: kwamba mtu akifa na kinyongo, walio hai hawatapumua. Mzee aliyekaribia kufa aliitiwa watoto wake, wakasemeshana, yakaisha. Mafundisho ya Yesu katika Mathayo 5, kwamba mtu aache sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake, yalikutana na jambo ambalo watu wa milimani walikuwa wameshalijua.

Kila kanisa lina hazina yake kwa saa hiyo. Mkatoliki ana Kitubio, Mpako wa Wagonjwa na Komunyo anayopewa mahututi kama pamba ya safari. Mlutheri hupelekewa Chakula cha Bwana kitandani. Mwadventista, anayeamini kwamba wafu wamelala hadi Bwana atakaporudi, huwaita wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa kufuata Yakobo 5. Tatizo ni muda. Familia nyingi huuogopa mpako kama hukumu ya kifo, kwa hiyo padri huitwa mgonjwa akiwa hawezi tena kuungama wala kumeza.

Mgonjwa anapotembelewa mapema mambo huwa tofauti. Bodaboda humshusha mchungaji inapoishia barabara, naye humalizia kwa miguu kwenye njia ya mteremko, mzee wa kanisa mbele, mfuko wenye kikombe kidogo, divai na mkate begani. Ndani, bibi ameketishwa akiegemezwa mito. Wanaanza kwa Kiswahili, lakini kwenye maungamo bibi anahamia Chasu, lugha aliyojifunzia kusali, na mchungaji anayeifahamu humwacha aseme hadi amalize. Hapo ndipo hutajwa dada ambaye hawajasalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Dada akiwa kijiji cha pili, anaweza kuitwa kabla jua halijazama. Hakuna mahubiri ya makaburini yanayoweza kufanya kazi hiyo.

Hospitalini nako kuna ugumu. Daktari akishaona kwamba saratani imeenea, ndugu humwomba asimwambie mgonjwa. Huko nyumbani kila anayekuja humhakikishia kwamba atapona, na anayetaja kifo huonekana hana imani. Mgonjwa anajua, wanaomuuguza wanajua, na wote wanaigiza. Mwandishi wa mada hii anaamini kuwa kumnyima mtu ukweli ni kumnyima nafasi ya kutubu, ya kushukuru na ya kuaga. Nabii Isaya hakumficha mfalme Hezekia. Alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia aliomba, akaongezewa miaka 15, kwa hiyo ukweli haukuiua imani yake.

Kutengeneza mambo ya nyumba kunahusu pia ardhi. Chini ya sheria ya mirathi ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Sheria hiyohiyo humweka mjane pabaya: mume akiacha ndugu wa ukoo wake, mjane hana fungu lake mwenyewe katika urithi, hutegemea kutunzwa na watoto wake. Mume Mkristo anayeimba habari za mbinguni huku akimwacha mkewe bila maandishi hajajiandaa, hata kama hakosi ibada ya Jumapili.

Makanisa yanaombwa kuianza kazi hii wakati wa Kwaresima au juma lolote la maombi ambalo kila kanisa litapendelea. Wazee wa kanisa wapangiwe nyumba za wagonjwa wa muda mrefu, kila nyumba ifikiwe walau mara moja kwa mwezi, na padri au mchungaji aitwe mgonjwa akiwa bado anazungumza. Siku moja ya kipindi hicho aalikwe mwanasheria au ofisa wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), wanandoa waje pamoja, wosia uandikwe palepale mbele ya mashahidi. Na kwenye madarasa ya kipaimara na ya ubatizo, ambako vijana wanaopanda Coaster kila wiki wapo wote pamoja, kuwe na somo moja kamili juu ya kufa.