Sukari Katika Birika la Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Mwenyekiti aliponiandikia alitaka niseme juu ya afya na maendeleo. Kichwa hicho ni kipana kama pori la Moyowosi, na mtu akipotea humo hapatikani upesi. Nimeona nichukue kipande kimoja kidogo ambacho kila mmoja wetu anacho nyumbani, nacho ni kijiko cha sukari. Nataka hasa kusema na waliooa, na hawa vijana watakaooa, juu ya namna ya kumsaidia mwenzako anapoambiwa hospitali kwamba sukari katika damu yake imeanza kupanda.

Kwanza tuone tumefikaje hapa. Wenye mvi watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujadili. Mimi nilisimuliwa na marehemu baba. Wakati ule hofu ilikuwa utapiamlo, na fundisho lilikuwa watoto wale vizuri zaidi na mara nyingi zaidi. Hofu hiyo haijatutoka. Udumavu wa watoto bado tunao mkoani kwetu. Kisha zikaja shida za mwanzo wa miaka ya 1980, sukari ikawa bidhaa ya foleni, na mwaka 1983 walanguzi wakasakwa nchi nzima. Mtu aliyekulia katika hali hiyo, siku akiipata sukari humtilia mgeni vijiko vitatu bila kumwuliza. Utamu ukawa heshima. Mama aliyeandaa chai yenye sukari haba alihesabiwa mchoyo. Simlaumu mtu, naeleza tu chanzo, maana mwenye kutaka kupunguza sukari nyumbani anagusa heshima ya nyumba, na asipolijua hilo atashangaa kwa nini anapingwa.

Sasa tazameni hesabu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kiasi cha watu tisa katika kila mia miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Uchunguzi huo wa pili uliingia na mijini, kwa hiyo tusizipime namba hizi mbili kwa mzani mmoja. Hata hivyo mwenye macho haambiwi tazama. Tumeanza kukaa ofisini, kupanda pikipiki hata kwenda dukani, na kunywa soda siku ya kazi kama vile kila siku ni Krismasi.

Nyumbani kwangu jambo hili liliingia miaka minne iliyopita. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kasulu. Mimi ni wa Kibondo, na watani wangu husema nilivuka Malagarasi kufuata jiko. Alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa mwisho sukari yake ilipanda, ikashuka baada ya kujifungua, nasi tukaambiwa apimwe mara kwa mara kwa sababu mama wa namna hiyo yumo hatarini zaidi baadaye. Mama mkwe naye alikuwa na kisukari, akakatwa mguu chini ya goti. Siku hiyo mke wangu alipimwa kabla ya kula asubuhi, ikatoka 6.6. Kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, chini ya 6.1 mtu ni salama. Yeye alikuwa katikati, mahali ambapo mtu hajawa mgonjwa lakini njia inaonekana.

Hakusema neno mpaka watoto walipolala. Kisha akaniambia, "Baba watoto, kidonda cha mama nilikiosha mimi kwa mikono yangu, kwa hiyo usinieleze kisukari ni nini. Lakini ukianza kunihesabia vijiko mbele ya watoto, nitakwenda kunywa chai kwa jirani."

Ndugu zangu, katika semina zote nilizohudhuria sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo. Mtu mzima hachungwi kama mbuzi. Ukimwekea ulinzi atakula mafichoni, na anayekula mafichoni hujibanika kwa haraka na kwa wingi. Tena sisi wanaume tuna tabia ya kuagiza: tunaleta kreti la soda sikukuu, tunadai ugali mkubwa kama kichuguu, halafu tunamwambia mama apunguze. Apunguze wapi, na chungu ni kimoja?

Hapo ndipo tulipoanzia, penye chungu. Kwetu huku asubuhi ni baridi, na chai hutiwa sukari jikoni ingali motoni, ikamiminwa katika chupa, ikaja mezani imekwisha kuamuliwa. Asiyetaka sukari hana pa kwenda. Tukakubaliana kwamba chai itachemshwa bila sukari, na bakuli la sukari litakaa mezani na kijiko kidogo, kila mtu ajitilie. Nilikuwa mtu wa vijiko vitatu. Nikashuka hadi viwili na nusu, baada ya wiki mbili viwili, na kuendelea hivyo hivyo. Mke wangu alikwenda kwa mwendo wake. Tuliongeza tangawizi na mchaichai. Watoto walinung'unika kama wiki mbili hivi, kisha wakazoea, kwa kuwa ulimi hufundishika, ila hautaki kuharakishwa.

Mimi ni mtu wa mafaili, basi niliandika matumizi. Tulikuwa tukimaliza kilo sita za sukari kwa mwezi, watu watano. Gawanya, utapata gramu 40 kwa kila mtu kwa siku, yaani kama vijiko kumi vya chai, bila kuhesabu chochote kilicholiwa nje. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50 hivi, na kwamba ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kama vijiko tisa. Maana yake mwanangu aliyekunywa chai nyumbani na soda moja njiani alikwisha vuka mpaka kabla ya jua la saa saba. Leo tunatumia kilo mbili. Mliosoma hesabu na mimi mtajua ni gramu ngapi kwa kila mtu, na shilingi ngapi zimebaki.

Nasema sasa juu ya asali, na najua nasema mbele ya watu wenye mizinga. Mke wangu aliniuliza, kama sukari ya dukani ni mbaya, si tutumie asali ya kwetu Kibondo, ambayo wazee waliita dawa? Mimi mtoto wa mfuga nyuki nilitamani jibu liwe ndiyo. Bwana Mganga alitukatalia. Shirika hilo hilo la Afya huihesabu asali pamoja na sukari ya kuongezwa, na damu nayo huihesabu hivyo hivyo. Tumeiacha asali iwe ya kijiko kimoja siku moja moja, iliyobaki inauzwa. Msinipige mawe, bei ni nzuri.

Ugali ulikuwa mgumu kuliko chai. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, na wanga ukifika tumboni hugeuka sukari. Wataalamu hufundisha nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, robo maharage au samaki. Mke wangu alicheka, akasema mambo ya kugawa sahani ni ya hoteli, sisi tunakula sinia moja. Basi akapima kwenye sufuria: vikombe vinne vya unga vikawa vitatu, siku nyingine dona badala ya muhogo, na sombe ikaongezwa mara mbili, mawese yakapungua. Migebuka na dagaa tunao, maharage ya Kasulu yapo, sijui nani alitudanganya kwamba chakula bora kinatoka mbali. Hilo lilikuwa wazo lake lote. Kazi yangu ilikuwa kula kilichopakuliwa bila kukunja uso.

Jioni tulianza kutembea, yeye na mimi, kama nusu saa. Mwanzoni majirani waliuliza msiba uko wapi, kwa kuwa hawajazoea kuona mume na mke wanafuatana njiani bila jambo. Utafiti uliotolewa Ufini mwaka 2001 na ule wa Marekani wa mwaka 2002, wote kwa watu waliokuwa mahali alipokuwa mke wangu, ulionyesha kwamba kula vizuri, kupunguza uzito kiasi na kutembea jumla ya saa mbili na nusu hivi kwa wiki au zaidi kulipunguza wanaoangukia kisukari kwa asilimia 58. Sijui dawa ya mitishamba inayouzwa stendi ambayo imepimwa hivyo.

Hapa naweka onyo. Ninayoyasema yanamhusu ambaye hajaanza matibabu. Kama mwenzako anameza vidonge vya kisukari au anachoma sindano ya insulini, msipunguze chakula ghafla kabla ya kuonana na mganga wake. Sukari yake inaweza kushuka mno, akatetemeka, akatoka jasho, akasema maneno yasiyoeleweka. Wakati huo kama anaweza kumeza mpe sukari upesi, na soda ile ile niliyoisema vibaya ndipo inapofaa. Akiwa amezimia usimwingize kitu kinywani, mkimbize hospitali. Kwa sababu hiyo bakuli la sukari halikosekani kwetu.

Mwaka jana alipima 5.8. Bado anatia kijiko kimoja, na harusini hunywa soda yake mbele yangu akinitazama usoni, nami natazama maharusi. Kwa wageni bado hatujamaliza mashauri. Shangazi yangu alipokuja kutoka Kakonko alionja chai akaniuliza kwa upole kama mshahara umechelewa.

Ninyi wanafunzi, mliokuwa mkicheka nyuma huko, fedha mnayotumiwa na wazazi naona inaishia kwenye soda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu usiku wa kujisomea. Someni maandishi madogo kwenye chupa, mgawanye gramu kwa nne, mpate vijiko. Ni hesabu ya darasa la nne.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda wangu umekwisha na chai ya saa nne imefika. Nimezungumza na akina mama wa jikoni tangu asubuhi. Birika lililofungwa kitambaa cheupe halina sukari, na sukari iko pembeni yake.