Kabla Maji ya Ziwa Hayajafika: Mji wa Bariadi Ujifunze Kupima

Mada ya semina ya matumizi ya maji majumbani na kwenye biashara, Ngulyati, Bariadi



Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20, na mama wa Ngulyati anajua hilo kwa shingo yake. Ndiyo maana kwake maji aliyooshea mchele hupewa kuku, na ya kufulia hutumika kudeki sakafu, kisha yanayobaki humwagiwa mpapai. Hakuna semina iliyomfundisha hayo, maana anayebeba maji huyapima kila hatua. Akihamia mjini akafungua bomba, uzito unatoweka na kipimo kinaondoka nao. Hoja yangu ni kwamba mji hautapunguza matumizi mpaka kipimo hicho kirudi machoni mwa mtumiaji.

Najua wapo watakaouliza: tubane ya nini, wakati Ziwa Victoria linakuja? Kweli, mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kufikisha maji ya ziwa Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ikishirikiana nao benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Lakini tazameni mito yetu. Simiyu na Duma inateremka kwenda ziwani, kwa hiyo maji ya ziwa kuja huku yanapanda. Kila ndoo itasukumwa na pampu, itatiwa dawa, na gharama itaingia kwenye ankara. Maji hayo kuyaacha yavuje ni kuchoma fedha mara mbili.

Nilipolala kwa dada yangu mjini, alikuwa analalamikia ankara. Usiku tulifunga bomba zote, nikaandika namba za dira ya maji. Alfajiri namba zilikuwa zimesogea, na hakuna aliyeoga wala kupika. Tukatia chai ya rangi kwenye tangi la choo, na baada ya robo saa rangi ilikuwa imeshuka kwenye bakuli bila mtu kuvuta. Maji yalikuwa yakichirizika kimya, mchana na usiku. Jikoni bomba lilikuwa likidondosha. Tuliweka kikombe cha robo lita chini yake, kikajaa kwa dakika 15. Hiyo ni lita 24 kwa siku, dumu zima na ziada. Mpira wa ndani ya bomba ulibadilishwa asubuhi ileile.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni dogo: kila nyumba isome dira yake usiku na alfajiri, mara moja kwa mwezi. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Ankara ikiandika na idadi ya madumu, bibi yeyote ataielewa.

Kwenye biashara, anzeni na waosha magari na bodaboda. Mpira wa maji ukiachwa chini unamwaga wakati kijana anasugua matairi. Ndoo na kitambaa vinatosha kwa kuondoa tope, na mpira wenye kifungio mdomoni umalizie. Gesti nazo zitazame vyoo vyake. Tangi la zamani humeza lita tisa au zaidi kila mvuto, la kisasa sita au pungufu. Mama lishe simgusi, kwani mabeseni yake mawili, moja la sabuni na moja la kusuuza, tayari ni somo.

Wapo wanaopendekeza bei ipande kadiri mtu anavyotumia zaidi. Nakubali, ila kwa tahadhari kubwa. Nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane na dira moja itaonekana inafuja, kumbe kila familia inatumia ndoo chache. Mkiwapandishia hao bei, mnamwadhibu maskini kwa kosa la kuishi na wenzake. Hesabu watu kwanza, ndipo upange bei.

Cape Town, Afrika Kusini, ilipokaribia kukaukiwa mwaka 2018, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Ni madumu mawili na nusu. Kwao ilikuwa dharura. Hapa wapo wanaoishi kwa pungufu ya hapo tangu wazaliwe. Kwa hiyo ninaposema tubane, simlengi anayechota kwenye lambo. Huyo anastahili kuongezewa, na kitakachookolewa mjini ndicho kimfikie.

Na mamlaka ya maji isiwanyooshee wananchi kidole ilhali mabomba yake yanavuja chini ya barabara. Bomba likipasuka, anayeliona kwanza ni mtoto anayekwenda shule au muuza mboga anayeruka dimbwi, wala si fundi. Namba ya kutolea taarifa iandikwe kwa rangi kwenye kila kituo cha kuchotea maji, na fundi afike siku hiyohiyo. Wakipiga simu mara tatu asionekane mtu, ya nne hawatapiga.