Bakteria wa Udongo Watengenezao Dawa



Mvua ya kwanza ikinyesha, shamba hutoa harufu njema ya udongo. Harufu hiyo hutokana zaidi na bakteria wadogo sana, wasioonekana kwa macho, waitwao Streptomaisesi. Bakteria hao huozesha majani makavu, na hutengeneza kemikali nyingi, nyingine zikiwa sumu kwa vijidudu na wadudu wengine. Kutokana na kemikali hizo binadamu hupata dawa.

Mwaka 1943, huko New Jersey, Marekani, ilipatikana streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofaa kutibu kifua kikuu. Baadaye, bakteria wa jamii hiyo hiyo aliyetoka katika udongo wa Japani alitupatia aivamektini, dawa ya minyoo ya ng'ombe, na abamektini, ambayo wengi wenu hupulizia utitiri wa nyanya.

Je, hazina hiyo imekwisha? La. Ndani ya kila kiumbe mna maagizo ya urithi, yaitwayo jeni. Mwaka 2002 wataalamu walisoma jeni zote za Streptomaisesi mmoja, wakaona mafungu zaidi ya 20 ya maagizo ya kutengeneza kemikali. Mengi yake yamelala tu, hayafanyi kazi.

Tangu mwaka 2015 wanatumia kwa bakteria hao chombo kiitwacho Krispa. Chombo hicho ni kama mkasi unaoongozwa: hutafuta mahali palipokusudiwa na kukata, kisha agizo jipya hupachikwa penye mkato. Agizo lenye nguvu likiwekwa mbele ya fungu lililolala, fungu hilo huweza kuamka. Kazi hiyo hufanywa maabara, si shambani kwenu.

Lakini angalieni! Dawa mpya huchukua miaka mingi kupatikana, na wadudu huizoea upesi ikitumiwa ovyo. Kwa hiyo:

1. Pimeni dawa kama ilivyoandikwa kwenye chupa, na ngojeni siku zilizotajwa kabla ya kuchuma.

2. Msipulize abamektini mfululizo. Badilisheni na dawa inayoua kwa njia nyingine.

3. Pulizeni jioni, nyuki wakiisha kurudi mzingani. Msioshe bomba mtoni, maana dawa hii huua samaki.

4. Msichome mabua. Yatieni katika shimo la mboji, ili bakteria wa udongo wapate chakula.

Tunzeni udongo wenu. Ndani yake huenda mna dawa ambayo bado haijapatikana.