Kukagua Vitabu Si Kumtukana Mtu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze jambo ambalo vikundi vingi hulikwepa: ukaguzi wa pesa. Mama mmoja akisema, "Tuonyeshwe vitabu," wengine wananuna. "Kwani humwamini mweka hazina wetu?" Basi sikieni habari ya mfuko mmoja mkubwa, mkubwa kuliko vikundi vyetu vyote vikijumlishwa.

Huko New York, Marekani, alikuwako bwana aitwaye Bernard Madoff. Watu walimpa pesa awawekee katika hisa. Aliheshimiwa sana; aliwahi hata kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ. Wateja wake waliletewa karatasi zenye kuonyesha faida, mwaka hadi mwaka, karibu bila kupanda wala kushuka. Kumbe hisa hazikununuliwa! Anayetaka kutoa pesa zake alilipwa kwa pesa za wenzake. Alipokamatwa tarehe 11 Desemba 2008, karatasi zilidai kwamba wateja wana karibu dola bilioni 65. Karibu zote zilikuwa za karatasi tu. Mwaka 2009 alihukumiwa miaka 150, na mwaka 2021 akafia kifungoni.

Mtauliza, mkaguzi alikuwa wapi? Alikuwepo. Shida ni kwamba milango mitatu iliachwa wazi.

Mlango wa kwanza: kila kitu kilikuwa mkononi mwa mmoja. Katika mfuko uliopangwa vizuri, anayeamua kununua hisa siye anayezitunza. Mara nyingi hutunzwa na benki nyingine. Kwa Madoff, ofisi ile ile iliamua, ikatunza, tena ikaandika hesabu. Sasa nyinyi jiulizeni: anayepokea michango yenu ndiye anaandika daftari? Ndiye anaweka pesa benki peke yake? Kama ni hivyo, gawanyeni kazi. Mmoja apokee, mwingine aandike, na benki kuwe na sahihi za watu watatu.

Mlango wa pili: mkaguzi hakuwa huru. Mabilioni yale yalikaguliwa na ofisi ndogo yenye mhasibu mmoja tu aliyekuwa akifanya kazi, na yeye mwenyewe alikuwa amewekeza pesa kwa Madoff. Mwaka 2009 alikiri makosa mahakamani. Kwetu pia, shemeji wa mweka hazina asikague vitabu vya mweka hazina. Na mwenye mkopo ambao hajalipa asikague vitabu vya mikopo.

Mlango wa tatu: watu waliamini karatasi bila kwenda kuuliza zilikotoka. Mwaka 2006 wachunguzi wa serikali walipewa namba ya akaunti ambako hisa zilidaiwa kuwekwa, lakini hawakwenda huko kuthibitisha. Swali moja tu lingefunua uongo wote. Kwa hiyo, wakaguzi wenu wasitosheke na kitabu cha benki wanacholetewa. Waende benki wenyewe, na barua ya kikundi, waombe taarifa ya akaunti. Halafu wachukue kitabu cha risiti na kulinganisha: risiti hii ya shilingi 500, iliingia benki siku gani? Na mwanachama aliyeandikiwa mkopo aulizwe ana kwa ana, "Mama, ni kweli ulichukua 3,000?"

Mnaona basi, kukagua kunamlinda hata mweka hazina mwaminifu. Siku maneno yakianza kisimani, vitabu vitamtetea. Asiyekaguliwa hana shahidi.

Mkirudi nyumbani, katika mkutano ujao chagueni wakaguzi wawili wasio katika kamati. Wapeni vitabu vyote, si vile vilivyo safi tu. Wasome matokeo mbele ya wanachama wote, na kila mtu awe na ruhusa ya kuuliza bila kukemewa. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata yenye daftari hupotea, kama daftari halifunguliwi.

Sasa tuanze maswali.